Warushaji Watatu na Benchi la Ruhimbika

Pembeni mwa duka la Ruhimbika mjini Louisville, Marekani, pale ukuta unapopakana na nyumba ya mashine za kufulia nguo, pana benchi refu la mbao lililotoka kanisani. Kanisa lilipobadilisha viti, Ruhimbika aliliomba, akalileta kwa gari la mizigo, akaliegemeza ukutani, na tangu siku hiyo halijakaa bila watu. Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi huwa ni walewale. Yupo Theogene, mpakiaji wa makontena, aitwaye Radio kwa sababu hazimiki. Yupo Mumbua, Mkenya aliyekuja kusoma takwimu akabaki kuzifanyia kazi, naye jina lake ni Asilimia. Yupo Dionizi wa Burundi, wanayemwita Methali, ingawa hakuna methali iliyowahi kutoka kinywani mwake ikatua mahali pake. Na yupo Rudasingwa, mtu wa milima ya Kivu ya Kusini, mfanyakazi wa kiwandani kule Jeffersontown, pembezoni mwa mji, ambaye benchi zima linamwita Skauti. Kahawa ya tangawizi hutoka dukani kwa chupa kubwa. Mazungumzo, kwa miaka minne sasa, ni besiboli.

Jumamosi hiyo ya mwisho wa Julai kulikuwa na joto la kuyeyusha lami, na kulikuwa na habari. Timu kubwa, ile ambayo timu ya Louisville ni kama darasa lake la mwisho kabla ya mtihani, ilikuwa imemtoa mpigaji wake mkongwe, na kwa mabadilishano hayo ikapewa warushaji vijana watatu. Wote watatu waliletwa Louisville waive kwanza. Alhamisi walikuwa wameonekana uwanjani.

— Tumepunjwa, alisema Radio kabla hajakaa vizuri. Mupigaji mukubwa vile, miaka kumi na moya anatupigia, unamutoa, banakupa batoto batatu? Donc, unatoa ng'ombe, banakupa mayai!

— Mayai huanguliwa, Mumbua alimjibu akipuliza kahawa yake. Mzee wako amebakisha miaka miwili, at most. Hawa vijana tutakuwa nao sita. Piga hesabu.

— Hesabu yako inasema asilimia ngapi?

— Kati ya warushaji kumi wa umri huu, wawili ndio hufika juu na kubaki. Asilimia ishirini. Sasa tumepewa watatu...

— Asilimia makumi sita! Radio akadakia.

— Haijumlishwi hivyo, Radio.

— Makumi sita ya mutu mumoya. Mutu nusu na kidogo. Njo ile tumepewa.

— Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, Dionizi aliingilia.

— Apone nini? Nani mgonjwa?

— Timu, Dionizi alisema kwa utulivu, akanywa kahawa.

Wakaanza kuwachambua mmoja mmoja. Wa kwanza walikuwa wameshambatiza Mlingoti kwa urefu wake. Radio alisimama kabisa kuonyesha.

— Muliona ile mikono? Ikishuka inafika mu magoti. Mutu wa vile harushe mpira, anauweka tu. Ananyoosha mukono anamukabizi mudakaji: shika, muzee. Mupigaji anashituka, mchezo umeisha.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, Dionizi alisema. Mtu mrefu hivyo hawezi kuinama. Kwa hiyo mipira ya chini itamshinda.

— Hiyo methali haihusiani na urefu.

— Uvungu ni wa nini kama si wa urefu?

Mumbua alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kidole. Wa pili alikuwa kijana wa Jamhuri ya Dominika, mpira wake unakuja umenyooka kisha karibu na mpigaji unapinda kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani. Huyo walimwita Kona. Dionizi alitangaza kwamba samaki mkunje angali mbichi, na bila shaka huyu alianza kukunja mpira akiwa mdogo, ndiyo maana hata sasa haunyooki. Radio alikuwa na sababu nyingine.

— Kwabo, mutoto akizaliwa, banamupakaka mafuta ya nyoka mu kiganja. Siku saba.

— Umelitoa wapi hilo?

— Mutu wa ku kazi.

— Radio, huyo mtu wa kazini anajua kila kitu, why bado anapakia makontena na wewe?

— Bon, sikia kwanza. Ile mpira inakuwaka na akili ya nyoka. Njo maana mudakaji analala nayo chumba kimoya mwezi muzima. Mpira ikuzoee. Kama haikuzoee, inakupita inaenda zake.

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa ametoka kwenye nyumba ya mashine na kapu tupu, akakaa ncha ya benchi kusubiri nguo zake zikauke. Alijitambulisha kwa sauti ndogo: Mukansanga, amehamia wiki iliyopita kutoka Whitehall kule Columbus, kazi ya kutunza wazee imemleta. Ruhimbika alimletea kikombe. Wakampa nafasi, wakaendelea.

— Basi wa tatu, alisema Mumbua. Mtoto wa nyumbani. Hadesti.

Kijana huyo mwenye nywele nyekundu alizaliwa na kusoma hapohapo Jeffersontown. Alikwenda chuo, timu nyingine ikamchukua, akapanda ngazi mpaka timu ya Buffalo, na sasa mabadilishano yalikuwa yamemrudisha kwao. Gazeti la mji lilimwekea picha akiwa na mama yake. Vichwa vyote vilimgeukia Rudasingwa, kwa kuwa alikuwa bado hajasema neno, na neno lake ndilo lililokuwa likingojwa.

Walimwamini, na walikuwa na sababu. Rudasingwa alikulia nyuma ya ng'ombe kwenye nyasi ndefu za milimani, na mchungaji wa kule hujifunza kumrudisha mtamba anayetoroka kwa jiwe linalotua hatua moja mbele ya pua yake bila kumgusa. Alijua bega linavyotakiwa kufunguka, na jinsi mguu unavyoubeba mkono. Mwaka uliotangulia alimtazama mrushaji mmoja aliyekuwa akisifiwa na kila mtu, akasema huyo bega lake litaisha kabla ya mvua. Likaisha mwezi wa tisa. Tangu hapo wakamwita Skauti, kama wale wanaotumwa na timu kutafuta vipaji.

— Hadesti hana kitu, alisema Rudasingwa.

— Hana kitu? Mumbua aliweka kikombe chini.

— Kiwiko yake inachelewa. Miaka mbili, utamukuta anauzisha magari.

— Nilijua! Radio aliruka. Nilimuambia Ruhimbika asubuhi, ule wa nywele ya moto hana kitu! Leo jioni mi nawaambia banaume bote ba ku kazi.

— Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, Dionizi alisema. Na huyu ametembezwa: Jeffersontown, Buffalo, sasa hapa.

Kwa mara ya kwanza methali ya Dionizi ilikaribia kutua mahali pake, na Rudasingwa ikamchoma. Alikuwa amesema uongo. Alhamisi alikaa viti vya nyuma ya mdakaji, peke yake kama kawaida yake, na kijana yule alipopanda kilima cha kurushia, Rudasingwa alisahau kumenya karanga. Ulikuwa mkono mzuri kuliko yote aliyoiona katika miaka minne ya kukaa pale. Ulikuja bila haraka, bila kelele, na mpira ukafika kabla hujajua umeondoka. Watu walisimama wakapiga makofi. Yeye hakuweza kusimama. Alitazama magoti yake mpaka kipindi kikaisha.

— Ngoja, alisema Mumbua. Ngoja kidogo. Wewe ndiye ulitufundisha hapa kwamba mrushaji anapimwa kwa mguu. Kwamba kiwiko kinafuata tu. Sasa huyu mmoja unampima kwa kiwiko?

— Nimesema vile nimeona.

— Hapana, Skauti. Nina namba zake hapa. Nilimfuatilia Alhamisi, niliangalia kwa simu. Wapigaji tisa, sita hawakuugusa mpira. Ulikuwa uwanjani?

— Nilikuwa.

— Basi uliona nini?

Radio alitaka kuingilia, Dionizi akamshika mkono wa shati. Rudasingwa alikizungusha kikombe cha karatasi kati ya viganja vyake mpaka ukingo ukakunjika.

— Niliona muzuri, alisema mwishowe. Ule kijana iko na mukono muzuri sana. Nimewadanganya.

— Juu ya nini? Radio aliuliza, na sauti yake ilikuwa imepungua.

— Juu ile nafasi alienda nayo ilikuwa ya Shami.

Radio alimjua Shami. Wengine wawili walijua tu kwamba Rudasingwa ana mtoto wa kiume Buffalo, anafanya kazi katika ghala, anaishi upande wa kaskazini wa mji ule, na kwamba Jumapili humpigia simu mama yake. Basi akawasimulia, macho yakiwa kwenye kikombe.

Miaka minane iliyopita Shami alikuwa na miaka kumi na sita, shule moja na Hadesti, timu moja. Jioni moja kocha wa shule alikuja nyumbani kwao, mtu mnene, kofia mkononi, na karatasi ya kutia saini. Kulikuwa na timu ya vijana kule Columbus, inasafiri majira yote ya joto, inatazamwa na watu wa vyuo. Nafasi ilikuwa moja. Rudasingwa wakati huo alikuwa na Kiingereza cha kuhesabia masanduku tu. Uwase, mkewe, hakuwa nacho kabisa. Kwa hiyo aliyetafsiri maneno ya kocha alikuwa Shami mwenyewe.

— Muzungu anaongea, anaongea, mikono inaruka, alisema Rudasingwa. Dakika tano. Halafu anamungojea mutoto atafsiri. Na Shami ananiambia: anasema naweza. Basi. Dakika tano yote, mutoto wangu anageuza neno mbili. Alipata haya kujisifu mbele yangu.

— Na wewe ukasema? Mumbua aliuliza.

— Nilisema hapana. Na ule hapana, ni yeye tena alitafsiri.

Hakusema hapana kwa ukali. Uwase alikuwa anaumwa figo majira yale, anakwenda hospitali mara tatu kwa wiki, na Kiingereza cha nyumba nzima kilikuwa kimoja, cha Shami. Nani angekaa karibu na kitanda kumwambia daktari pale panapouma? Kocha aliinamisha kichwa, akampa Rudasingwa mkono, akampa na Shami mkono. Wiki iliyofuata karatasi ileile ilitiwa saini kwa akina Hadesti. Shami hakulia wala hakununa. Alirudisha glovu shuleni, majira yote ya joto akakaa kwenye kiti cha plastiki hospitalini, akigeuza maneno ya maumivu ya mama yake. Alipofika miaka kumi na tisa alikwenda Buffalo, akasema kazi za kule ni nyingi.

— Hospitali ina wakalimani, alisema Mumbua taratibu. Kwa simu. Bure.

— Najua sasa. Mwezi wa nane ya mwaka ule, nesi mumoya wa Bujumbura njo alituambia. Unaombaka tu. Hatukujua kuomba.

Gari lilipita na muziki, likaondoka nao.

— Aliniuliza, alisema Radio ghafla. Alikuwa amevua kofia na kuishika kwa mikono miwili kama mtu aliye mazikoni. Musifikiri ni yeye tu. Kesho yake ku kazi, wakati tulikuwa tunapakia pamoja, Rudasingwa aliniuliza, Theogene, wewe unaonaje? Na mi nikamujibu ile mchezo ni ya batoto ba bantu bako na nyumba yabo. Nikamuambia, mukono unasaidia kubeba, haisaidie kutupa. Banaume bakacheka. Mi pia nikacheka.

— Maji yakimwagika hayazoleki, alisema Dionizi, na hapo hakuna aliyembishia.

— Si kosa yako, Theogene.

— Iko yangu kidogo.

— Mi njo baba.

Rudasingwa aliendelea kusema, sasa kwa urahisi zaidi, kama mtu aliyekwisha kutua mzigo na kubakiwa na kamba tu. Aliwaambia kwamba uwanjani alianza kwenda baada ya Shami kuondoka. Alitaka kujua ni kitu gani hicho alichokikataa. Alinunua tiketi ya nyuma, hakuelewa kitu, akarudi wiki iliyofuata. Mzee mmoja aliyekaa karibu alimwelezea mraba wa hewani ambamo mpira huhesabiwa mzuri, na mpigaji anayepewa njia ya bure mipira mibaya ikizidi. Mwaka wa pili alianza kuona. Na kadiri alivyoona, ndivyo alivyozidi kukosa usingizi, kwani mchezo aliodhani ni wa kuchezea ulikuwa kazi yake mwenyewe ya utotoni, jiwe na mtamba, na mtu angeweza kuielewa kwa nusu saa tu kama angeketi.

— Kocha alisema Shami alikuwa mbele ya Hadesti, alisema. Nilikutana naye duka ya vyakula, miaka mbili imepita. Kiingereza yangu ilikuwa imekuja. Aliniambia yote ile alisema siku ile, dakika tano yote. Nilisimama pale na maziwa mu mukono.

Mukansanga alikuwa akisikiliza muda wote huo, kapu mapajani. Alikuwa amesikia habari za Mlingoti ambaye mikono yake inafika magotini, na za kijana wa Dominika na kiganja chake, na za mwenye nywele nyekundu, mguu wake na kiwiko chake. Besiboli hakuijua. Alikuwa anajaribu tu kuwaona vijana hao akilini, na mmoja alikuwa haonekani.

— Na wako, papa, aliuliza, alikuwa anarushaka na mukono gani?

Aliuliza bila hila, kama mtu anavyouliza njia. Ndilo swali la kwanza ambalo mtu yeyote huuliza kuhusu mrushaji. Hata mtoto wa miaka saba pale uwanjani huliuliza kabla hajauliza jina. Benchi lilimtazama Rudasingwa. Rudasingwa alifungua kinywa.

Alimtafuta Shami mezani, akamwona na kijiko mkono wa kuume, lakini hiyo ilikuwa adabu aliyomfundisha yeye mwenyewe. Alimtafuta na kalamu, hakumpata, maana hakuwahi kuketi akamtazama akiandika. Alimwona hospitalini akimshika mama yake kiwiko, lakini upande gani? Alimwona kituo cha basi, siku ya kwenda Buffalo, sanduku mkono mmoja, mkono mwingine ukiaga. Mikono ilibadilishana mahali kila alipoitazama. Na michezo ya shule ilikuwa Jumamosi. Jumamosi za miaka ile alifanya zamu za ziada, na zile ambazo hakufanya alilala. Hakuwahi kwenda hata mara moja.

— Sijuwi, alisema.

Alimtazama Theogene, aliyewahi kumjua kijana. Theogene alitikisa kichwa.

Rudasingwa akainuka, akasogea hatua chache mpaka kwenye mlango wa nyumba ya mashine, akatoa simu. Louisville na Buffalo saa zao ni zilezile. Hakuweza kujidanganya kwamba kijana amelala. Simu iliita mara tatu.

— Baba? Sauti ilikuwa ya mtu aliyeshtuka. Nani amekufa?

— Hakuna. Hakuna mutu amekufa. Mama yako iko muzima.

— So what happened?

— Nataka kukuuliza tu. Ile wakati ya masomo. Ulikuwa unarushaka na mukono gani?

— Kurusha nini?

— Mpira.

Nyuma ya Shami gari la kuinulia mizigo lilikuwa likipiga mlio wa kurudi nyuma. Mlio ukakoma. Rudasingwa akaitoa simu sikioni kuangalia kama imekatika.

— Left, alisema Shami. Wa kushoto.

— Wa kushoto.

— Yeah. Why?

— Mutu ameniuliza hapa. Sikujua.

Akasikia kijana anavuta pumzi. Alitegemea hasira, na angeipokea.

— Ungekuja mara moya tu, Baba, alisema Shami, na hakuna hasira yoyote iliyokuwamo. Ungeona.

— Ningeona, alisema Rudasingwa.

— I gotta go. Break imeisha. Nitapiga kesho, nitaongea na mama.

— Na mi pia. Kesho niko nyumba.

— Okay, alisema Shami. Okay, Baba.

Rudasingwa alirudi kwenye benchi. Walikuwa wameacha nafasi yake vilevile. Alikaa, akaweka mikono yote miwili juu ya magoti.

— Kushoto, aliwaambia.

Mumbua, aliyejua ni wachache kiasi gani kati ya mia wanaorusha kwa mkono huo na jinsi timu zinavyowatafuta, alifungua mdomo kutaja asilimia, kisha akaichukua chupa, akammiminia kahawa.